Fundi Nijibu: Gari kali inapaki tu nyumbani, inawashwa dakika kumi kila Jumamosi

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, watu wana magari ya nguvu lakini hawayaendeshi. Dodoma imekuwa hivyo siku hizi, mtu amehamishiwa huku na kazi, gari ya ofisi ipo, treni ipo, ile ya roho inabaki nyumbani inakula vumbi. Nimechagua barua chache, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sababu ina mambo yote ndani yake.

Shikamoo fundi. Mi nakaa Ilazo, kazi ipo Mtumba. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006, ile ya soko la Japani, manyo gia sita, nilinunua kwa kuipenda tu. Zamani nilikuwa naenda nayo Dar kila baada ya wiki mbili, ila tangu treni ya SGR ianze 2024 sioni sababu ya kuendesha masaa yote yale, na kazini napanda gari ya ofisi. Sasa hivi ina miezi saba haijatoka getini. Kijana wa nyumbani nimemwambia aiwashe kila Jumamosi dakika kumi asiisahau, na kweli hajasahau. Lakini betri imekufa mara mbili, ikiwaka inatetemeka, moshi mweupe unatoka nyuma na maji yanadondoka kwenye sailensa, na juzi nimefungua kifuniko cha oili nimekuta utandu mweupe. Fundi mmoja kaniambia gasketi ya silinda hedi imekwisha, injini ishushwe. Gari ina kilomita 68,000 tu. Nimekosea wapi? — Mwenye STI, Ilazo

Marahaba mwanangu. Kwanza hela ya gasketi iache mfukoni, hatujafika huko. Pili huyo kijana wako hana kosa, amefanya alichotumwa, kosa ni hiyo amri yenyewe ya kuwasha dakika kumi, na usijisikie vibaya sababu nusu ya watu wenye magari mazuri mji huu wanafanya hivyo hivyo na wanaamini wanaitunza gari.

Nikueleze kinachotokea mle ndani. Petroli ikiungua inatengeneza maji, na siyo matone, ukichoma lita moja ya petroli unapata karibu lita moja ya maji, ila yanatoka kama mvuke ndo maana hatuyaoni. Gari ikiwa ya moto sawasawa ule mvuke unapita kwenye sailensa unaenda zake. Gari ikiwa baridi mvuke unagusa chuma baridi unageuka maji pale pale, mengine yanabaki kwenye bomba la moshi yanalila kutu kutokea ndani, mengine yanapenya pembeni ya ringi yanashuka kwenye oili. Alafu injini baridi inamwagiwa petroli nyingi kuliko kawaida ili iweze kushika, na hiyo ya ziada nayo inashuka huko huko kwenye oili. Sasa oili yenyewe ili itoe maji na petroli inabidi ipate joto kweli, nyuzi 80 kwenda juu na ikae hapo kwa muda, na usidanganywe na mshale wa dashibodi, ule ni wa maji ya rejeta, maji yanawahi kupata joto, oili inafuata nyuma sana. Kwa hiyo kila Jumamosi kwa miezi saba kijana anaongeza maji kwenye oili na hakuna siku hata moja anayoyatoa. Ule utandu uliouona kwenye kifuniko, unaofanana na maziwa mgando yaliyodondokewa na chai, kwa maelezo yako nina wasiwasi ndo hayo maji.

Ila usiniamini mimi tu, pima. Asubuhi gari ikiwa imelala, yaani baridi kabisa, fungua rejeta uangalie kulanti, yale maji ya kupoza injini, imejaa au imepungua, maana gasketi ikifa inavujia ndani, usifungue ikiwa ya moto itakuunguza uso. Vuta kijiti cha oili, kama kijitini oili ni safi na utandu uko kwenye kifuniko tu hiyo ni dalili ya unyevu, kama na kijiti chenyewe kina rangi ya maziwa hapo shughulika haraka. Washa, angalia kwenye tangi dogo la kulanti kama kuna mapovu yanatoka mfululizo, na nusa ule moshi, moshi wa gasketi una harufu kama ya sukari na hauishi hata gari ikipata moto, moshi wa unyevu unapotea ukishaendesha kidogo. Alafu jambo jingine, sifa mbaya ya gasketi Subaru waliipata zaidi kwenye zile injini za EJ25 za lita 2.5 zisizo na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, yako ni EJ207 ya lita mbili yenye tabo, siyo kwamba haiwezi kuua gasketi, inaweza, ila huyo fundi amekimbilia kwenye hitimisho linalomlipa.

Ukikuta kulanti haijapungua, fanya hivi. Mwaga ile oili yote na filta yake, weka mpya. Petroli iliyomo usiitegemee, petroli ikikaa miezi mitatu minne inaanza kupoteza ile sehemu yake nyepesi inayoshika moto haraka, na kwa jua letu hili inawahi zaidi, inayobaki inakuwa nzito na inaacha gundi kwenye nozeli, ndo sababu kubwa ninayoishuku ya mtetemo wako. Kama tangi lina kidogo jaza mpya juu yake, kama lina nyingi itolewe. Plagi zichomolewe ziangaliwe, zitakuwa nyeusi tii kwa masizi, na uandae hela kidogo ya ufundi sababu injini ya Subaru imelala ubavu, plagi ziko pembeni chini huko zinatazamana na bodi, mikono yangu ina makovu ya hizo gari.

Kabla ya kuiwasha hiyo siku ya kwanza, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, zungusha stata sekunde tano hivi, pumzika, rudia mara mbili tatu. Ikijaribu kushika iache izime yenyewe. Unachofanya hapo ni kupandisha oili mpaka juu na kwenye tabo kabla moto haujaanza, sababu gari ikikaa oili yote inashuka chini na shafti ya tabo inazunguka mizunguko zaidi ya laki moja kwa dakika, haitaki kuanza kavu. Rudisha fyuzi, washa. Ukiona moshi wa bluu kidogo mwanzoni alafu ukakata usipige kelele, silinda zimelala, oili huwa inajikusanya upande wa chini.

Halafu toka nayo. Siyo kuzunguka mtaani Ilazo, toka nayo hasa, shika njia ya Morogoro nenda mpaka Chamwino urudi. Robo saa ya kwanza endesha kama umebeba mayai, mzunguko usizidi 3,000, tabo usiiite kazini. Ikishapata moto mpe, siyo mbio za kuvunja sheria, vuta gia ya tatu mpaka juu kidogo injini ipumue. Washa eesii dakika chache ili oili ya kompresa izunguke na sili zisikauke. Breki zikanyage vizuri mara kadhaa zijisafishe. Ukirudi nyumbani usizime hapo hapo, iache dakika moja tabo ipoe. Kesho yake rudi kwenye kifuniko cha oili. Kama kuna utandu mwembamba ufute, rudia hiyo safari, ukikuta kumekauka umeokoa milioni zako. Ukikuta umerudi vile vile na kulanti imeshuka basi huyo fundi ana haki yake na umwombe radhi.

Baada ya hapo chagua moja kati ya mawili. Ama kila wiki mbili kuna mtu anaiendesha nusu saa mpaka dakika arobaini, mtu mwenye leseni na unayemwamini, na bima iwe hai. Ama isiguswe kabisa, uilaze kwa utaratibu. Hiyo ya katikati ya kuwasha getini ndo inayoua. Na nina swali la pembeni, huyo kijana akiiwasha huwa anakanyaga mafuta majirani wasikie? Usinijibu, najua anakanyaga, na mimi ningekuwa na miaka yake ningekanyaga. Mwambie hapo ndipo anaponyonga tabo, oili bado nzito haijafika.

Betri nayo ina hesabu yake. Gari iliyozimwa inaendelea kunyonya umeme, saa, kompyuta, alamu, kwa kawaida haizidi miliampia 50. Zidisha kwa masaa 24 unapata Ah (ampia-saa) 1.2 kwa siku, mwezi mzima 36, na betri yako ni ya kama Ah 60 ikiwa mpya. Kama umefungiwa na trakingi au alamu ya ving'ora inaisha mapema zaidi. Dakika kumi za kijana hazirudishi umeme ulionyonywa wiki nzima pamoja na ule wa stata, hasa akiwa amewasha na redio. Nunua ile chaja ndogo ya kutunza betri, inayojikata yenyewe, siyo chaja kubwa ya gereji, na ichomeke kupitia stabilaiza maana umeme ukirudi kwa kishindo unaunguza. Hutaki chaja, chomoa waya wa nati hasi kwa spana namba 10. Betri iliyojaa ikipumzika inasoma volti 12.6 au zaidi, ukikuta 12.0 imeshaisha hiyo, na ikiachwa hivyo wiki kadhaa haipendi kurudi tena hata uichaji usiku kucha.

Mwisho kabisa kwako, maana kuna kitu hukuniuliza na ndo kinaniogopesha kuliko vyote. Kilomita 68,000 ni chache ndio, lakini gari ni ya 2006. Injini ya EJ inatumia taimingi belti, mpira, na mpira hausomi kilomita tu unasoma na miaka. Kama huna risiti wala stika inayoonyesha ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijawahi. Ikikatika kwenye injini hiyo valvu zinagongana na pistoni, hapo sasa ndo injini inashushwa kweli. Badilisha na roli zake, tenshena na pampu ya maji kwa pamoja, usibahili kwenye roli.

Fundi habari za kazi. Mwanangu yuko masomoni nje ameniachia Mark X yake ile ya injini kubwa ya 3.5, yeye anaiita mtoto wake. Ipo kwenye banda hapa Nkuhungu nyuma ya nyumba pamoja na magunia yangu ya alizeti na mahindi. Wiki iliyopita nimeita kijana aiwashe, ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi na inavuma vibaya. Tumefungua boneti tumekuta takataka. Nimwambie nini mwanangu? — Mama, Nkuhungu

Shikamoo mama. Usimwambie kitu kwanza, turekebishe ndo umwambie.

Takataka ulizozikuta nina uhakika ni nyumba ya panya. Niliwahi kufungua boneti ya mteja wangu mmoja nikakuta juu ya injini, pale katikati palipo na bonde, wamepanga maganda ya karanga, vipande vya sponji ya kiti na nusu ya soksi ya mtoto, pazuri kabisa, na pembeni waya wa koili umetafunwa umebaki shaba tupu. Mama, alizeti na gari ya mwanao havilali chumba kimoja. Panya anakuja kwa ajili ya gunia, akishiba anatafuta pa joto pa kuzalia, na meno yake yanakua kila siku lazima atafune kitu, waya upo karibu.

Kwanza isiwashwe tena. Waya uliomenyeka ukigusa bodi unaunguza kompyuta au gari nzima. Mwite fundi umeme, siyo fundi wa injini, aje na mashine ya kupima aisome ile taa inasema silinda ya ngapi, aifuate waya kwa waya, azungushie na tepu ya kitambaa. Afungue na boksi la filta ya hewa, wanapenda sana humo, pamoja na filta ya eesii nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kiota kisiachwe hata kidogo, harufu ya mkojo wao inawaita wengine. Na mtu anayesafisha avae glavu na kitambaa puani, vile vinyesi vina magonjwa.

Magunia hamishia kwingine, juu ya mbao. Mitego weka kandokando ya ukuta maana panya anatembea na ukuta, hapiti katikati. Sumu mi sipendi kwenye banda la gari, panya anakula anaenda kufia ndani ya mfumo wa eesii, utamkumbuka kwa miezi. Paka ana faida kuliko vyote ila hakikisha kabla ya kuwasha mnagonga boneti, na yeye anapenda kulala pale.

Bomba la moshi lizibeni na kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia, kirefu makusudi ili anayetaka kuwasha akione, maana nyigu nao huwa wanajenga mle.

Kaka fundi, nakaa Kisasa, nina BMW M3 E46 nyeusi, nimeifunika turubai zito lile la lori na nimelifunga kwa kamba pande zote. Baada ya miezi mitatu nimefunua, rangi imekuwa kama imesuguliwa na msasa, mistari mistari. Jua limefikaje ndani ya turubai? — Msomaji, Kisasa

Kaka siyo jua. Umeisugua mwenyewe kwa msaada wa upepo. Unajua upepo wa hapa kuanzia mwezi wa sita, unaanza asubuhi hauna adabu, turubai linapepea siku nzima na chini yake kuna lile vumbi jekundu ulilolifungia humo kabla hujafunika. Kila likipepea ni mkono mmoja wa msasa, piga hesabu ya miezi mitatu.

Na turubai la plastiki halipumui, mchana linachemka ndani usiku linatoa jasho. Kama una banda lenye paa, iache bila kitu au mfunike na kava la kitambaa laini linalopumua, na siku ya kufunika gari iwe imeoshwa na kukauka, siyo imefutwa na kitambaa kikavu. Kama huna banda jenga kivuli cha neti juu kabisa mbali na gari, ni bei nafuu kuliko rangi ya M3. Mistari uliyonayo mingi ni ya juu juu, polishi ya mashine ya mtu anayejua inaitoa, ila mwambie apime unene wa rangi kwanza asije akafika kwenye praima.

Kuosha nako kuna neno. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, ukiosha juani yakakauka yenyewe yanaacha madoa meupe yanayouma rangi. Osha jioni kwenye kivuli, futa yote. Na maji hayo hayo usithubutu kuyaweka kwenye rejeta, hiyo M3 ina injini ambayo bei ya spea zake unaijua mwenyewe.

Fundi, tairi zangu za mbele zina kashata zote kama mpya lakini pembeni zina nyufa nyembamba, na nikifika 80 usukani unatetemeka alafu baada ya kilomita kadhaa unatulia. Muuzaji anasema ni baransi. — Msomaji, Manyoni

Baransi haitulii yenyewe mdogo wangu. Hizo ni tairi zilizolala upande mmoja muda mrefu, sehemu iliyokaa chini imepata ubapa, zikipata joto zinarudi duara kidogo. Hilo la ubapa lingesameheka. Nyufa hazisameheki. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, mwisho wake kuna namba nne, ikiwa 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mi nikiona zimepita miaka sita naanza kuziangalia kwa mashaka, zikifika kumi natoa hata ziwe na kashata zote, na zenye nyufa natoa siku hiyo hiyo. Gari yenye nguvu kwenye njia ya Singida, lami imechemka, tairi ya mbele ikipasuka hakuna dereva hodari. Ukiweka mpya na ukajua gari itakaa, jaza upepo mpaka PSI 40 hivi bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni, isogeze nusu mzunguko kila wiki mbili, na ukumbuke kurudisha upepo wa kawaida siku ya kutoka.

Fundi swali fupi tu, gari ya kukaa muda mrefu niiache na handbreki au nisiiache? — Msomaji, Area C

Usiiache. Weka gia, weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya tairi, handbreki ishushe. Na fluidi ya breki ibadilishe kila miaka miwili hata kama hujaendesha, inanyonya unyevu wa hewani yenyewe ikiwa imetulia pale. Fluidi ya aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, na gari ya mbio inazifikia hizo nyuzi kirahisi.

Nilikuwa na gari moja ya manyo mimi, niliumwa mgongo nikaipaki wakati wa masika, nikavuta handbreki kwa nguvu zangu zote kama mtu anayeiaga. Miezi minne baadaye nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi, gari ikainama nyuma, haiendi. Nikaongeza mafuta. Ikasikika PAA! kama kuna mtu kapasua bati, mke wangu akatoka ndani mbio na mwiko mkononi. Pedi zilikuwa zimeshikana na kutu, upande wa kulia zikaachia, wa kushoto ukabakiza ngozi yote ya pedi kwenye chuma. Nilivyovua gurudumu ile pedi ilikuwa imekaa pale imejichora vizuri, unaweza ukasoma mpaka namba yake.